Doa la Mkononi, Tezi ya Shingoni

Daktari aliyegundua ugonjwa wa tezi yangu aliuona kwanza mikononi. Nilikuwa nimekwenda kwake kulalamikia uchovu ulionidumu karibu mwaka mzima, uchovu ambao hata usingizi wa saa kumi haukuupunguza, na nilipoweka mikono juu ya meza yake aliyatazama mabaka meupe ya vitiligo yaliyozunguka vidole vyangu akaniuliza yalianza lini. Nikamjibu kwamba yalianza nikiwa na umri wa miaka 19, kwamba yalisambaa polepole hadi pembezoni mwa macho na mdomo, na kwamba katika kliniki ya kwanza niliyokwenda niliambiwa kuwa hilo ni jambo la ngozi tu, la urembo, lisilohusiana na kitu kingine chochote mwilini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo kwa miaka tisa hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza: "Katika ukoo wenu, nani ana ugonjwa wa tezi, nani ana kisukari kilichomwanza utotoni, na nani anachomwa sindano za vitamini?"

Nikaanza kuwataja mmoja baada ya mwingine. Mama yangu humeza kidonge cha tezi kila asubuhi tangu alipomzaa mdogo wangu wa mwisho. Mama mdogo huchomwa sindano ya vitamini B12 kila baada ya miezi mitatu. Babu, baba yao, alikuwa na mabaka meupe mikononi na miguuni, na hadi alipofariki alivaa nguo za mikono mirefu hata wakati wa joto kali, kwa kuwa kuna watu waliodhani ana ukoma na hawakutaka kumpa mkono. Nilikulia katikati ya magonjwa hayo nikiyahesabu kuwa mikosi mbalimbali isiyojuana. Daktari aligeuza fomu ya maabara, akachora nyuma yake miraba na duara za watu wa ukoo wetu, akaziunganisha kwa mistari, akaniandikia kipimo cha damu cha kuangalia tezi, kiitwacho TSH. Karatasi ile ninayo hadi leo, na yote ninayoyaandika hapa ni jitihada yangu ya kuielewa.

Vitiligo, ambayo wengine huiita mbalanga na wengine barasi, ni hali ambayo ngozi hupoteza rangi yake sehemu kwa sehemu kwa sababu seli zinazotengeneza rangi, ziitwazo melanositi, zimeuawa. Huwapata kati ya asilimia 0.5 na 2 ya watu duniani, wanawake kwa wanaume, watu wa kila rangi, ingawa kwa wenye ngozi nyeusi huonekana zaidi na kwa hiyo huumiza zaidi. Karibu nusu ya wenye hali hii huiona kabla ya kutimiza miaka 20. Haiambukizi kwa namna yoyote. Na kwa kuwa babu yangu aliishi akibeba jina la ugonjwa usiokuwa wake, naomba nilieleze hili waziwazi: doa la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia, kwa hiyo mwenye nalo huweza kuguswa kwa pamba au kwa kitu cha moto asijue, ilhali doa la vitiligo huhisi kila kitu kama ngozi iliyo kando yake. Kipande cha pamba kingetosha kumwondolea babu fedheha ya miaka arobaini.

Swali ni nani anayeziua melanositi hizo. Kwa muda mrefu kulikuwa na majibu mengi, na baadhi yake yana ukweli ndani yake, kwani inaonekana melanositi za wenye vitiligo tangu mwanzo hazistahimili vizuri kemikali zenye madhara zinazozalishwa wakati wa kazi yao yenyewe ya kutengeneza rangi. Seli iliyo katika hali hiyo ya kuelemewa hutoa ishara za dhiki, na ishara hizo huiamsha kinga ya mwili. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la ngozi peke yake. Chembechembe nyeupe za damu za aina ya seli T, hasa zile zinazojulikana kwa alama ya CD8, ambazo kazi yake halali ni kuua seli zilizovamiwa na virusi au zilizogeuka saratani, hujifunza kuzitambua melanositi kana kwamba ni adui. Zikifika kwenye ngozi hutoa kemikali iitwayo interferoni-gama. Kemikali hiyo huziamuru seli za kawaida za ngozi zilizo jirani kutoa ishara nyingine, ziitwazo CXCL9 na CXCL10, ambazo huziita seli T nyingine zije. Zinazokuja hutoa interferoni zaidi, nayo huita wengine zaidi. Duara hilo likishaanza hujiendesha lenyewe, na ndiyo sababu doa hupanuka kutoka pembezoni mwake. Nilipolielewa hili niliacha kuuita ugonjwa wangu "kukosa rangi". Rangi ilikuwapo, na kuna aliyeiondoa.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote hautoki kwa wagonjwa wa vitiligo. Unatoka kwa wagonjwa wa melanoma, ile saratani kali ya ngozi inayoanzia kwenye melanositi. Katika miaka ya karibuni wagonjwa hao wamekuwa wakipewa dawa zinazoondoa breki za kinga ya mwili ili seli T ziishambulie saratani kwa nguvu zote. Ugunduzi wa tiba ya kuzuia breki hizo, CTLA-4 na PD-1, ndio uliowapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018. Baadhi ya wagonjwa hao, breki zinapoondolewa, huota mabaka meupe kama yangu, na imeonekana kwamba wale wanaoota mabaka kwa wastani huishi muda mrefu zaidi kuliko wasioota, kwa sababu kinga iliyoamka dhidi ya saratani ndiyo hiyohiyo inayozishambulia melanositi salama, binamu za saratani hiyo. Dawa hizohizo huwasababishia wengine uvimbe wa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, na wachache hupata kisukari kinachohitaji insulini. Yaani ukilegeza breki moja, ngozi, tezi na kongosho vyote huweza kuingia hatarini. Sijaona maelezo mengine yanayouonyesha uhusiano huu kwa uwazi kama hayo.

Uhusiano wenyewe ulionekana kabla haujaeleweka. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa Guy's Hospital mjini London, alieleza ugonjwa wa tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, na miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo mwenye mabaka meupe ya vitiligo. Nafikiria sana jinsi ngozi hiyo ilivyoonekana, kwa maana ugonjwa wa Addison huitia ngozi weusi. Homoni zinazopanda katika ugonjwa huo huzichochea melanositi kutengeneza rangi kupita kiasi, lakini pale ambapo hakuna melanositi iliyobaki hakuna wa kuchochewa, na doa hubaki jeupe katikati ya ngozi inayozidi kuwa nyeusi. Addison aliona na kuandika, ingawa hakuwa na namna ya kujua kwa nini mambo hayo mawili yalimkuta mtu mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Paul Ehrlich, mmoja wa waasisi wa elimu ya kinga, alifundisha kwamba mwili una hofu ya asili ya kujidhuru, na wengi wakalichukua fundisho hilo kuwa na maana kwamba mwili kujishambulia ni jambo lisilowezekana. Hata Hakaru Hashimoto, aliyeeleza mwaka 1912 tezi za thairoidi zilizojaa chembechembe nyeupe za damu, hakuwa na nadharia ya kuelezea chembechembe hizo zilifuata nini humo. Ilipofika mwaka 1956 ndipo watafiti walipoonyesha kwamba damu ya watu wenye ugonjwa huo, unaoitwa kwa jina la Hashimoto, ina kingamwili, yaani protini za kinga, zinazolenga tezi yao wenyewe, na mwaka huohuo wengine wakaonyesha kwamba sungura anaweza kufanywa aishambulie tezi yake mwenyewe. Tezi ya thairoidi, basi, ndiyo iliyofungua mlango ambao vitiligo iliingilia baadaye.

Nayo tezi hiyo ndiyo mwenzi wa karibu kuliko wote wa vitiligo. Mapitio ya tafiti 48 yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta kwamba kwa wastani asilimia 14 hivi ya watu wenye vitiligo wana ugonjwa wa tezi ya thairoidi unaotokana na kinga kujishambulia, na kwamba asilimia 21 hivi wana kingamwili dhidi ya tezi hiyo katika damu yao, hata kama tezi bado inafanya kazi vizuri. Hatari ya kupata ugonjwa huo ilikuwa takriban mara mbili na nusu ya ile ya watu wasio na vitiligo. Nilipozisoma takwimu hizo kwa mara ya kwanza niliogopa. Nilipozisoma mara ya pili, kwa utulivu, niliona kwamba zinasema pia jambo la pili lenye uzito sawa, kwamba watu wengi wenye vitiligo, wengi mno kuliko wasio na bahati, hawana ugonjwa wa tezi kabisa. Yote mawili ni kweli, na nimegundua kwamba daktari asiyetaja la kwanza na mtandao usiotaja la pili vyote humwacha mgonjwa na nusu ya habari.

Kuna kosa jingine ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Nilidhani mabaka yangu ndiyo yaliyoniletea ugonjwa wa tezi, kama moto unaohama kutoka nyumba moja hadi nyingine, na kwamba laiti ningeyatibu mapema tezi ingepona. Sivyo mambo yalivyo. Doa halisababishi tezi kuugua, na tezi haisababishi doa. Vyote viwili vimetokana na mwelekeo mmoja wa kinga ya mwili, ambao kwa sehemu kubwa mtu huurithi. Katika uchunguzi wa familia zaidi ya elfu mbili uliochapishwa mwaka 2003, watafiti waligundua kwamba magonjwa ya tezi, upungufu wa damu unaotokana na tumbo kushindwa kufyonza vitamini B12, ugonjwa wa Addison na lupasi yalikuwa mengi kuliko kawaida kwa watu wenye vitiligo, na, hapa ndipo niliposimama nikaisoma sentensi mara tatu, yalikuwa mengi pia kwa wazazi na ndugu zao ambao ngozi zao hazikuwa na doa lolote. Mama na mama mdogo walikuwamo katika sentensi ile.

Urithi huo si hukumu, hata hivyo. Uchunguzi huohuo uliwaangalia mapacha wanaofanana kabisa, wenye jeni zilezile, ukakuta kwamba pacha mmoja akiwa na vitiligo, mwenzake huwa nayo katika asilimia 23 tu ya nyakati. Kwa hiyo jeni huandaa kuni, na kitu kingine maishani huwasha. Leo zinajulikana sehemu takriban 50 za jeni zinazochangia. Mwaka 2007 ilitambuliwa ile iitwayo NLRP1, katika familia ambazo vitiligo na magonjwa mengine ya kinga huandamana. Nyingine ni CTLA4, breki ileile iliyowapatia wanasayansi wale Tuzo ya Nobel. Nyingine ni PTPN22, inayohusika pia na baridi yabisi na kisukari cha aina ya kwanza. Nyingi kati ya jeni hizo ni za kinga, si za rangi. Mojawapo iliyo ya rangi waziwazi ni TYR, inayoelekeza utengenezaji wa melanini, nayo ina jambo linalonifariji: aina yake inayoongeza uwezekano wa vitiligo hupunguza uwezekano wa melanoma. Kinga yangu, kwa ukali wake wote, inazilinda melanositi zangu zisigeuke saratani kwa bidii kubwa mno.

Si kila vitiligo inayoingia katika hesabu hii kwa uzito mmoja. Ipo ile ya upande mmoja, ambayo huota katika eneo moja la mwili bila kuvuka mstari wa katikati, mara nyingi utotoni, husambaa haraka kwa miezi michache na kisha hutulia. Hiyo haina uhusiano wa nguvu na magonjwa mengine ya kinga. Yangu ni ya pande zote mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, jicho hili na lile, na hiyo ndiyo inayoandamana na magonjwa mengine. Mzazi wa mtoto mwenye doa la upande mmoja anastahili kuambiwa tofauti hii mapema, kabla hajapoteza usingizi kwa kusoma yasiyomhusu.

Nirudi kwenye kipimo changu. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kuiamuru tezi ya thairoidi ifanye kazi. Tezi inapodhoofika, amri hupazwa, na kiwango cha TSH hupanda. Changu kilikuwa kimepanda mno, na kingamwili za anti-TPO, zile zinazolenga tezi, zilikuwa nyingi. Hashimoto. Dalili zote nilikuwa nazo na kila moja nilikuwa nimeipatia sababu yake: uchovu ni kazi, baridi ninayohisi wengine wakiwa na joto ni wembamba wa damu, choo kigumu ni kutokunywa maji, uzito ulioongezeka ni uvivu, usahaulifu ni mawazo. Kwa mwaka mzima nilijilaumu kwa tabia ambazo hazikuwa tabia. Tezi inaweza pia kuugua kwa upande wa pili, ikafanya kazi kupita kiasi, na hapo mtu hukonda bila sababu, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, hulala asipate usingizi. Ugonjwa huo, uitwao Graves, nao umo katika ukoo huuhuu wa magonjwa ya kinga. Kwa sababu dalili hizi huingia taratibu na kujifanya maisha ya kawaida, naona kipimo kimoja cha damu kina thamani kubwa kwa mtu mwenye vitiligo ya pande zote, hata anayejisikia mzima, na zaidi ikiwa ana ndugu mwenye ugonjwa wa tezi.

Kuna jambo dogo la kitaalamu ambalo nalitaja kwa kirefu kwa sababu lilinigusa mwenyewe. Wengi wetu tunaohangaika na ngozi na nywele hununua vidonge vya bayotini, tukiamini vitasaidia. Bayotini nyingi katika damu huingilia namna baadhi ya mashine za maabara zinavyopima homoni, hata majibu yakaonyesha TSH ya chini na homoni za tezi za juu wakati ukweli ni kinyume. Mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017. Nilikuwa nikivimeza vidonge hivyo, na kama daktari asingeniuliza na kuniagiza niviache siku kadhaa kabla ya kutoa damu, huenda ningerudishwa nyumbani na majibu ya kuridhisha na ugonjwa uleule.

Habari ya mama mdogo inanisikitisha zaidi kuliko yangu. Katika ugonjwa wake kinga hushambulia seli za tumbo zinazotoa protini ambayo bila hiyo vitamini B12 haiwezi kufyonzwa, kwa hiyo mtu anaweza kula vizuri kila siku na bado akaikosa. Alianza na ganzi za nyayo, ulimi ukawa laini na wenye maumivu, hatua zake zikawa za mtu asiyeiamini sakafu. Kabla ya kupimwa alikuwa amepewa vidonge vya asidi ya foliki kwa sababu damu ilikuwa pungufu, na damu ikapanda, kila mtu akafurahi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, kwani asidi ya foliki huweza kurekebisha damu bila kuiponya mishipa. Nalieleza hili hapa kwa sababu asidi ya foliki imo katika mchanganyiko mwingi unaouzwa kwa ajili ya vitiligo. Mwenye mabaka anayehisi ganzi au kuchomachoma miguuni asiridhike na kidonge hicho kabla B12 yake haijapimwa. Ganzi ya mama mdogo ilipungua baada ya sindano kuanza, lakini haikuisha yote.

Magonjwa mengine nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa uzito wake katika maisha ya kila siku ni mdogo. Alopesia ya mabaka, ambapo nywele hudondoka na kuacha duara tupu kichwani, inahusiana na vitiligo na hupatikana katika familia zilezile. Kisukari cha aina ya kwanza, baridi yabisi, lupasi na ugonjwa wa Addison huwapata wachache. Sikubaliani na wanaotaka kila mwenye doa apimwe kila kitu mara moja. Orodha ndefu ya kingamwili huzaa majibu ya kutatanisha, gharama na hofu, na mara nyingi hakuna la kutibu. Tezi ipimwe. Mengine yaongozwe na dalili na historia ya familia: kiu isiyoisha na mkojo mwingi, viungo vinavyovimba asubuhi, kizunguzungu cha kusimama pamoja na ngozi inayozidi kuwa nyeusi mahali ambapo haina doa.

Watu huniuliza kama mabaka yalirudi rangi nilipoanza levothairoksini. Hapana. Uchovu uliniachia katika wiki za kwanza, akili ikawa nyepesi, lakini doa halikusogea, na nilitarajia hivyo baada ya kuelewa kwamba dawa hiyo hujaza homoni iliyopungua na haimwambii askari yeyote wa kinga aache kushambulia. Kinachoweza kumzuia askari ni dawa nyingine. Ile iitwayo ruksolitinibu, inayopakwa kama krimu, huzuia vimeng'enya vya JAK ambavyo interferoni-gama huvitumia kupeleka amri zake ndani ya seli, na hivyo hulikata lile duara nililolieleza. Iliidhinishwa Marekani mwezi Julai 2022 kwa watu wa miaka 12 na kuendelea, na katika majaribio yaliyotangulia, takriban watu 3 kati ya 10 walirudishiwa angalau robo tatu ya rangi ya uso baada ya wiki 24. Dawa za kundi hilohilo la JAK hutibu baridi yabisi na alopesia ya mabaka. Nadhani hakuna uthibitisho wa uhusiano ulio wa vitendo kuliko huo, kwamba ufunguo mmoja unafungua milango ya magonjwa yaliyokuwa yakitibiwa katika vyumba tofauti. Zile za kumeza zina hatari zake na zinahitaji uangalizi wa karibu. Tiba ya mwanga wa urujuanimno wa wigo mwembamba na krimu ya takrolimasi bado ni nguzo kwa wengi, mimi nikiwamo.

Kinga ina kumbukumbu, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Seli T zilizolileta doa mara ya kwanza huacha walinzi wanaokaa palepale kwenye ngozi kwa miaka, na tiba ikisimama huamka. Karibu watu 4 kati ya 10 hupoteza tena rangi ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha tiba, na mara nyingi doa hurudi mahali palepale na kwa umbo lilelile. Kuendelea kupaka takrolimasi mara mbili kwa wiki baada ya kupona kumeonekana kupunguza hali hiyo sana.

Hapa lazima niseme neno kali. Kila wiki naletewa matangazo ya dawa za "kuongeza kinga ya mwili" zinazodai kuponya vitiligo. Tatizo la mwili wangu si kinga dhaifu. Ni kinga isiyojua mipaka, na anayenishauri niiongezee nguvu hajauelewa ugonjwa anaodai kuutibu. Wagonjwa wa melanoma niliowataja wametuonyesha kinachotokea kinga ya namna hiyo ikiongezewa nguvu kweli. Wanaouza chupa hizo huwauzia watu waliokwisha kuumizwa kwa macho ya wengine, waliokataliwa mikono kama babu, na ambao wangemlipa yeyote anayewaahidi siku moja ya kutotazamwa. Naona ni dhuluma.

Baada ya majibu yangu niliipiga picha ile karatasi ya daktari nikaituma kwa ndugu zangu wote. Wengine walinishukuru kwa ufupi, kaka yangu hakujibu. Mdogo wangu wa kike, ambaye hana doa hata moja na hajawahi kuugua kitu cha maana, alikuwa na ujauzito wa wiki tisa, na katika kliniki yake alimwonyesha muuguzi picha ile akaomba apimwe tezi, kwa kuwa katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya tezi ya mama yake. TSH yake ilikuwa sawa. Anti-TPO zilikuwa juu. Wamempangia kupimwa tena baada ya wiki nne, na tena nne baada ya hizo, hadi katikati ya ujauzito. Jana usiku aliniomba nimtumie karatasi yenyewe, si picha, kwa sababu anataka kuchora duara dogo chini ya lake na kuliacha wazi.